Pikapu za zamani kando ya Ziwa: kutafuta chanzo cha hitilafu kabla ya kufungua injini au giaboksi

Katika mialo ya Igombe na Kayenze, katika soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na katika barabara zinazokwenda Magu, Misungwi na Sengerema, mizigo mingi bado hubebwa na pikapu ndogo zilizotengenezwa katika miaka ya 1980 na 1990. Nyingi ni Toyota Hilux zenye injini za dizeli za 2L na 3L au injini ya petroli ya 22R, na nyingine ni Nissan zenye injini ya TD27. Injini hizi hazina kompyuta ya kusomwa kwa mashine, lakini karibu kila hitilafu yake hutoa dalili ambayo mtu mwenye subira anaweza kuiona, kuisikia au kuinusa. Tabu ni kwamba injini nyingi hufunguliwa kabla dalili hizo hazijasikilizwa.

Nilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Hilux yangu yenye injini ya 2L, niliyokuwa nikibebea dagaa, ilianza kuchemsha kila ilipopanda mlima na mzigo. Fundi niliyempelekea alisema mara moja kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku, imeungua. Hedi ikashushwa, ikachongwa, gasketi mpya ikafungwa, na baada ya siku chache gari likachemsha tena kabla ya kufika Usagara. Fundi mwingine, mzee mtaratibu, alifungua kifuniko cha rejeta kikiwa baridi, akakibonyeza kwa kidole gumba, akanionyesha kwamba springi yake haikuwa na nguvu hata ya kurudisha kidole. Kifuniko kipya kilimaliza tatizo. Tangu siku ile nafuata utaratibu mmoja, ambao ndio msingi wa maelezo haya: kila dalili huulizwa kwanza inatokea lini, kisha vitu vya nje na vya bei ndogo hupimwa vyote kabla ya kugusa boliti moja ya hedi au ya giaboksi.

Injini inayochemsha

Mji wa Mwanza uko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka yakifika karibu nyuzijoto 96, si 100. Kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9 hushikilia shinikizo linalopandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzijoto 20 zaidi. Kifuniko kikilegea, injini iliyo nzima kabisa itayachemsha maji yake katika joto ambalo kwa kawaida ingelivumilia bila shida, na dereva ataona mvuke, maji yanayofurika kwenye kopo la akiba na mshale unaopanda. Kwa sababu hiyo kifuniko ndicho kitu cha kwanza kukaguliwa: mpira wake uwe laini usio na nyufa, springi yake iwe ngumu, na vali ndogo iliyo katikati iweze kuvutwa na kurudi. Vali hiyo ndogo ikiganda, rejeta hushindwa kurudisha maji kutoka kwenye kopo injini inapopoa, na hosi hujibana zenyewe kama chupa ya plastiki iliyonyonywa hewa.

Kifuniko kikiwa kizima, swali linalofuata ni wakati. Gari linalochemsha likiwa limesimama au likitambaa katika msongamano wa Buzuruga, kisha mshale ukashuka mara tu linaposhika mwendo, lina upungufu wa upepo, kwa sababu katika mwendo rejeta hupozwa na hewa inayokuja mbele, na katika kusimama hutegemea feni peke yake. Hapo huangaliwa kama mkanda wa feni umelegea, kama kava linaloizunguka feni limeondolewa na kutupwa, na kama klachi ya feni, kiungo chenye mafuta kinachoizungusha feni, imekwisha mafuta yake. Klachi hii hupimwa injini ikiwa imezimwa baada ya kupata moto sana: feni ikizungushwa kwa mkono inapaswa kuleta ukinzani mzito, na ikizunguka kwa wepesi mara kadhaa bila kuzuiwa, imekufa. Kava la feni ni kitu ambacho mafundi wengi hukitoa ili mikono ipate nafasi na hawakirudishi. Bila kava hilo, feni huvuta hewa iliyo kandokando badala ya hewa inayopita ndani ya rejeta.

Gari linalotulia mjini lakini likachemsha likipanda Bugando na mzigo, au baada ya nusu saa ya mwendo wa kasi kuelekea Magu, lina tatizo la mzunguko wa maji. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba. Zima injini ikiwa na moto, kisha pitisha kiganja taratibu juu ya uso wa rejeta bila kuigusa: sehemu zinazotoa joto zinapitisha maji, na sehemu zilizo baridi zimeziba. Huku kwetu sababu kubwa ya kuziba ni maji yanayochotwa ziwani kwa kopo na kumiminwa moja kwa moja. Maji hayo yana udongo mwembamba na mwani, na kila lita inayoongezwa huacha takataka zake chini ya rejeta na katika njia za maji za bloku, hasa nyuma, kwenye silinda ya nne ambako maji hayasukumwi kwa nguvu. Kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, haitumiki huku kwa ajili ya baridi, maana hatuna baridi ya kugandisha maji. Hutumika kuzuia kutu na kuongeza uvumilivu wa maji dhidi ya kuchemka, na ndiyo maana dereva anayedai kwamba Mwanza haina haja ya kulanti anakosea.

Chanzo kingine cha kuchemsha kwenye mlima ni hosi ya chini. Hii iko upande wa kunyonya wa pampu ya maji, na ndani yake mara nyingi huwekwa springi ya waya kuizuia isijikunje. Springi ikiliwa na kutu, hosi hujibana injini inapokimbia na hurudi katika umbo lake injini inapotulia, hivyo anayeitazama injini ikinguruma polepole hawezi kuona kitu. Mtu mmoja akanyage mafuta na mwingine aitazame hosi, akiwa mbali na feni.

Kuhusu themostati, vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta, ninaomba msomaji asome kwa makini, kwa maana tabia ya kuitoa na kuitupa imeenea sana. Ni kweli kwamba themostati iliyoganda ikiwa imefunga itachemsha injini. Dawa yake ni kufunga nyingine. Themostati nyingi za injini hizi zina sahani ya pili upande wa chini, ambayo kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini inapopata moto, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji moto huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta kabisa. Matokeo yake ni injini iliyo baridi mno asubuhi, inayokula dizeli na kuchakaza ringi (pete za pistoni), na inayochemsha vilevile kwenye mlima. Kuipima ni kazi ya jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, ipashe moto, na uitazame ikianza kufunguka kuzunguka nyuzijoto zilizogongwa juu yake, ambazo kwa nyingi ni 82. Kwa kuwa maji yetu huchemka karibu na 96, itakuwa imefunguka vizuri kabla sufuria haijachemka. Isipofunguka mpaka maji yakachemka, haifai tena.

Sasa tunafika kwenye gasketi ya hedi, ambayo mimi huiweka mwisho kwa makusudi. Dalili yake ya kweli ni gesi ya mwako kuingia kwenye maji. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, legeza mkanda wa pampu ya maji ili maji yasizunguke, jaza rejeta mpaka mdomoni, acha kifuniko wazi, kisha washa injini kwa muda usiozidi dakika moja. Mapovu yanayotoka mfululizo na kuongezeka unapokanyaga mafuta ni gesi inayopita kwenye gasketi iliyoungua au kwenye ufa wa hedi. Dalili nyingine ni hosi ya juu kuwa ngumu kwa shinikizo ndani ya dakika chache, kabla maji hayajapata moto. Oili iliyogeuka kama maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni ushahidi mzito, lakini utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi, kwa sababu gari linaloendeshwa safari fupi tu hupata utando huo kutokana na unyevu usiokauka. Hedi ikishushwa, isirudishwe bila kupimwa unyoofu kwa rula ya chuma na kukaguliwa nyufa kati ya vali, kwa kuwa hedi za 2L zina sifa ya kupasuka hapo baada ya kuchemsha. Gasketi mpya juu ya hedi yenye ufa ni fedha iliyotupwa ziwani.

Kuna mambo mawili ambayo yameua injini nyingi kuliko gasketi zote. La kwanza ni kumimina maji baridi katika injini iliyochemsha, jambo linaloweza kupasua hedi hapo hapo. Injini iachwe ipoe yenyewe, kifuniko kisifunguliwe mpaka hosi ya juu iweze kubonyezwa kwa mkono, kisha maji yaongezwe taratibu injini ikinguruma. La pili ni kuamini mshale wa joto kupita kiasi. Maji yakimwagika yote, kifaa kinachopima joto hubaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale uliokuwa juu na ghafla ukaanguka bila sababu si habari njema. Simama papo hapo.

Injini ya dizeli inayochelewa kuwaka

Injini za 2L, 3L na TD27 ni za aina yenye chumba cha awali cha mwako, na hubana hewa takriban mara 22. Hata katika asubuhi zetu zisizo na baridi kali zinahitaji hita plagi, plagi za umeme zinazopasha joto chumba hicho, kwa sababu kuta za chumba hicho hunyonya joto la hewa iliyobanwa. Kabla ya kuzigusa, tazama ekzosi huku mtu akipiga stata.

Stata ikizungusha kwa kasi nzuri na hakuna moshi wowote unaotoka, dizeli haifiki kwenye silinda. Sikiliza mlio mdogo wa kizima-dizeli juu ya pampu ya nozeli (pampu inayosukuma dizeli kwenye nozeli, vipulizio vya silinda) unapofungua swichi: kama hakuna mlio, umeme haufiki au kifaa kimekufa. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayawaki, na hapo ndipo hita plagi, taimingi ya pampu (wakati inapopuliza dizeli) au kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) huchunguzwa. Stata ikizungusha kwa uzito, usipoteze muda na dizeli. Pima betri na, muhimu zaidi, waya wa asi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Pikapu zinazobeba samaki hudondosha maji ya barafu yaliyochanganyika na damu na magamba siku nzima, na maji hayo huteremka kwenye chesisi, yakala viungo vya asi na mabomba ya dizeli. Nimeona stata mbili mpya zikinunuliwa kwa sababu ya boliti moja ya asi iliyofunikwa na kutu.

Hita plagi hupimwa moja moja baada ya kuondoa ukanda wa bati unaoziunganisha. Chukua balbu ya kupimia, unganisha upande mmoja na chanya ya betri na mwingine ugusishe kichwa cha plagi: balbu ikiwaka, waya wa ndani ni mzima, na isipowaka umekatika. Plagi mbili zilizokufa kati ya nne zinatosha kulifanya gari likatae asubuhi na kuwaka bila shida mchana, na likiwaka litatikisika kwa dakika moja au mbili mpaka silinda zile zipate joto.

Dalili inayosumbua zaidi ni hii: gari linawaka vizuri, linanguruma sekunde chache, kisha linazimika, na baada ya kupigwa pampu ya mkono juu ya filta linawaka tena na kutembea siku nzima. Hiyo ni hewa. Usiku, kupitia ufa mdogo usiovujisha hata tone, hewa huingia katika bomba na dizeli hurudi kwenye tangi. Watu wengi hutafuta mahali panapolowa, na hawapati, kwa sababu upande huu wa mfumo hunyonya. Funga kipande cha hosi inayoonyesha ndani kati ya filta na pampu ya nozeli na utazame mapovu. Yakionekana, toa hosi inayotoka tangini na uipe filta dizeli kutoka kwenye galoni safi lililowekwa juu kidogo ya injini. Mapovu yakiisha, tatizo liko kati ya tangi na filta, na mara nyingi ni bomba la chuma lililotobolewa na kutu juu ya ekseli ya nyuma au hosi ya mpira iliyokauka. Yakiendelea, tatizo ni filta yenyewe: mpira wake wa kuzuia, au pampu ya mkono ambayo diafragma yake imechoka.

Wanaonunua dizeli katika madumu kwenye mialo ya visiwani na vijijini wanapaswa pia kumwaga maji kutoka chini ya filta kila wiki. Dizeli ndiyo inayolainisha sehemu za ndani za pampu ya nozeli, na maji hayalainishi chochote.

Kama yote haya ni mazima, ndipo kompresheni ipimwe. Kwa 2L na 3L kipimo cha injini nzima ni takriban kilo 32 kwa sentimita ya mraba, na ikishuka chini ya 20, au silinda moja ikitofautiana na nyingine kwa zaidi ya 5, injini imechoka na hakuna nozeli itakayoifufua. Kipimo hiki huchukua chini ya saa mbili na kinapaswa kutangulia kila uamuzi wa kufanya ovahoo, yaani kuifumua injini na kuitengeneza upya.

Moshi, oili na milio

Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Anza na filta ya hewa, ambayo katika vumbi la barabara za Ilemela pembezoni hujaa haraka kuliko ratiba ya kitabu, kisha nozeli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na wakati wa kutokea kwake hueleza chanzo: ukitoka kwa wingi mara tu unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima kwa gia, sili za vali zimekauka, ukitoka muda wote injini inapobeba mzigo, na mvuke ukasukuma kwa nguvu kutoka kwenye mdomo wa oili uliofunguliwa, ringi zimekwisha. Tofauti hii ni kubwa kwa mfuko, maana sili za vali hubadilishwa bila kutoa injini.

Kugonga kwa injini ya dizeli hutisha kuliko kunavyostahili. Nozeli inayomimina badala ya kupuliza hugonga kama beringi iliyolegea. Ili kutofautisha, injini ikinguruma polepole, legeza nati ya bomba la nozeli moja kwa wakati, ukiwa umeifunika kwa kitambaa kinene na mikono ikiwa mbali, kwa kuwa dizeli yenye shinikizo la pampu hupenya ngozi na jeraha lake ni la hospitali. Mlio ukipotea kabisa silinda fulani inapozimwa, nozeli ya silinda hiyo ndiyo ya kwanza kupelekwa kupimwa. Mlio mzito unaotoka chini, unaoendana na taa ya oili kuwaka injini ikitulia, ni habari nyingine. Thibitisha kiwango cha oili, kisha pima shinikizo kwa geji ya kweli, kwa kuwa swichi ya taa huharibika pia. Shinikizo likiwa dogo kweli, usikubali ushauri wa kuweka oili nzito zaidi. Taa itazimika kwa muda, beringi zitaendelea kulika, na krankishafti ambayo ingeokolewa kwa beringi mpya itaharibika kabisa.

Kwa wenye 22R, niseme jambo moja tu. Mlio wa kukwaruza mbele ya injini unaosikika inapowashwa baridi ni cheni ya taimingi, ile inayoendesha vali kwa mpangilio, inayogonga kava, baada ya reli zake za plastiki kuvunjika. Ikiachwa, hutoboa kava hilo mpaka kwenye njia ya maji, na maji yakaingia kwenye oili. Fundi atakayeona oili ya maziwa atashusha hedi, na gasketi ataikuta nzima. Wenye 2L na 3L hawana cheni bali mkanda wa taimingi, na mkanda huo ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa gari lililonunuliwa bila kumbukumbu, ubadilishwe wiki hiyohiyo. TD27 hutumia gia za chuma na haina wasiwasi huu.

Klachi na giaboksi

Hitilafu nyingi zinazoitwa za giaboksi ni za klachi, na kipimo cha kuzitenganisha huchukua nusu dakika. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote. Zikiingia kwa ulaini, washa injini, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, kisha ingiza rivasi. Ikisaga, klachi haiachii, kwa kuwa katika giaboksi nyingi za umri huu rivasi haina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana) na huhitaji shafti iwe imesimama kabisa. Angalia kiwango cha mafuta ya klachi, masta silinda, silinda ya chini pembeni mwa giaboksi na hosi yake inayoweza kuvimba. Pedali ikipata nguvu baada ya kupampu mara mbili au tatu, kuna hewa au mpira wa masta silinda umekwisha. Kwa upande mwingine, ikiwa gia moja tu ndiyo inayosaga, mara nyingi ya pili, na nyingine zote ni laini, hapo sinkronaiza ya gia hiyo ndiyo iliyochakaa.

Klachi inayoteleza hujulikana mlimani: injini inapaza sauti na gari haliongezi mwendo. Kabla ya kununua klachi pleti, tazama tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Likidondosha oili ya injini, sili ya nyuma ya krankishafti inavuja, na likidondosha oili nzito yenye harufu ya salfa, ni sili ya mbele ya giaboksi. Klachi pleti mpya iliyofungwa bila kubadilisha sili hiyo italowa ndani ya miezi michache, na kazi ya kushusha giaboksi italipwa mara mbili.

Milio ya giaboksi nayo ina mpangilio wake. Mlio unaosikika gari likiwa nutro na kupotea ukikanyaga klachi ni beringi ya shafti ya kuingilia au ya shafti ya chini. Unaoanza ukikanyaga klachi ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Katika giaboksi hizi gia ya nne huunganisha moja kwa moja shafti ya kuingilia na ya kutokea, hivyo mlio unaosikika katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu kisha ukapungua sana katika ya nne unaelekeza kwenye shafti ya chini. Mlio wa gia ya tano peke yake unabaki kwenye gia ya tano. Mwambie fundi hivyo kabla hajafungua, naye atajua mahali pa kutazama.

Gia inapochomoka, hasa unapoachia mafuta kwenye mteremko, usianze na ndani. Tikisa injini kwa mkono na ukague mauntini: mpira uliokatika huruhusu giaboksi kuinuka na kushuka, na fimbo ya gia husukumwa na sakafu. Kisha kagua kikombe cha plastiki kilicho chini ya fimbo ya gia katika Hilux. Kikiliwa, fimbo hulegea kama kijiko ndani ya kikombe, dereva hulazimika kuitafuta gia, na gia isiyoingia sawasawa huchomoka. Ni kipande cha fedha kidogo kinachobadilishwa kutoka juu, ndani ya kabini. Springi na mipira ya chuma inayoshikilia reli za gia hufuata, na meno ya gia yaliyoliwa huwa ya mwisho.

Mshindo wa chini unaosikika wakati wa kuondoka, na mtikisiko unaokuja katika mwendo fulani tu, mara nyingi ni krosi (viungo) za propela shafti, shafti inayopeleka nguvu nyuma, au senta beringi inayoishikilia katikati. Lala chini ya gari, shika shafti na uizungushe mbele na nyuma: mchezo wowote kwenye krosi unaonekana kwa macho.

Kuna chanzo kimoja cha kufa kwa giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) ambacho ni chetu watu wa ziwani. Mwaloni, dereva hurudisha pikapu ndani ya maji mpaka bodi ifikie mtumbwi, ili sangara na barafu vipakiwe bila kubebwa kichwani. Giaboksi na difu zilizopata moto barabarani hupoa ghafla, hewa iliyo ndani hunywea, na maji hunyonywa kupitia kipumulio na sili. Oili inayochanganyika na maji hupoteza uwezo wake, beringi hushika kutu gari likilala, na baada ya miezi kadhaa mlio huanza. Mwenye kulazimika kuingia majini alipumzishe gari kwanza hadi difu iweze kuguswa kwa mkono, na aunganishe hosi ndefu kwenye kipumulio hadi juu ya chesisi. Kila baada ya wiki chache, gari likiwa limelala usiku kucha, alegeze kidogo boliti ya chini ya difu na ya giaboksi na aruhusu tone la kwanza litoke. Maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini, hivyo yakiwemo yatatangulia, na oili yote itapaswa kumwagwa siku hiyohiyo. Boliti ya pembeni ya kujazia ifunguliwe kwanza kabla ya ile ya chini, kwa sababu mara nyingi imeshikwa na kutu, na mtu akishamwaga oili yote ndipo agundue kwamba haifunguki, gari litabaki juu ya mawe mpaka apatikane mwenye mashine ya kuchomelea.